Kuzima Tochi si Kufunga Mlango

Katika kompyuta inayotumia mfumo wa Ubuntu au Debian, programu iitwayo Nmap husimikwa kwa amri ya maneno manne: sudo apt install nmap. Huondolewa kwa maneno manne vilevile: sudo apt remove nmap. Tofauti ya amri hizi mbili ni neno moja tu. Katika ofisi kadhaa za umma nilizozitembelea kukagua wanafunzi walio katika mafunzo kwa vitendo, neno hilo moja limegeuzwa kuwa sera nzima ya usalama wa mtandao. Programu ikikutwa, iondolewe. Aliyeisimika aitwe, ahojiwe, na ikibidi atishwe. Baada ya hapo ofisi hujihesabu kuwa salama.

Haiko salama. Nmap huonesha milango ya mtandao iliyo wazi. Ukiiondoa, milango hubaki wazi kama ilivyokuwa, isipokuwa sasa mwenye nyumba haioni. Hoja yangu ni kwamba tumejenga utamaduni wa kiutawala unaomwadhibu mwenye tochi na kumwacha aliyesahau kufunga mlango, na kwamba kifungu cha 10 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa jinsi kilivyoandikwa, kinaupa utamaduni huo silaha. Kifungu hicho kirekebishwe, na ofisi zetu zijifunze mpangilio sahihi wa mambo: kusimika, kupima, kuziba, kupima tena, na mwisho kabisa kuondoa.

Programu ya kupiga hodi

Nianze na chombo chenyewe, kwa sababu hofu nyingi hutokana na kutokijua. Nmap ilichapishwa kwa mara ya kwanza Septemba 1997 katika jarida la Phrack na Mmarekani Gordon Lyon, anayefahamika zaidi kwa jina la Fyodor. Kazi yake ya msingi ni kupiga hodi. Kila kompyuta iliyomo mtandaoni ina milango yenye namba, kuanzia 1 hadi 65,535, na huduma mbalimbali huketi nyuma ya milango hiyo. Tovuti kwa kawaida hukaa nyuma ya mlango wa 80 au 443. Mlango wa 445 hutumika kushirikishana mafaili katika mfumo wa Windows, na mlango wa 3389 humwezesha mtu kuiendesha kompyuta ya Windows akiwa mbali.

Nmap hupita mlango kwa mlango, hupiga hodi, kisha huandika jibu. Ikijibiwa "karibu", mlango uko wazi. Ikijibiwa "hapa hapana huduma", mlango umefungwa. Pakiwa kimya, aghalabu kuna kizuizi kilichoifanya hodi isifike. Mwishoni mtumiaji hupata orodha ya milango na hali zake. Upimaji huo wa kawaida hauvunji kufuli, hausomi faili la mtu, wala hauibi nywila. Ni kweli kwamba Nmap ina hati ndogo za ziada, na baadhi yake hujaribu nywila au hupima udhaifu unaojulikana. Hizo si hodi tena, na ni haki sheria izitazame kwa jicho kali zaidi. Lakini ndiyo sababu hasa sheria inapaswa kutofautisha matendo, badala ya kukihukumu chombo.

Tuitazame pia njia ya kuipata. Apt ni programu ya kusimamia vifurushi. Vifurushi hapa si bando la intaneti, bali ni programu zilizofungwa pamoja na maelezo ya kila kitu zinachohitaji ili zifanye kazi. Ukiiomba Nmap, apt huileta kutoka hazina rasmi, hukagua saini ya kidijitali ya hazina hiyo, na huleta pia vifurushi tegemezi kama vile nmap-common. Ukiiondoa kwa neno remove, programu huondoka lakini mafaili ya mipangilio yanaweza kubaki. Ukitumia purge, hayo nayo huondolewa. Vifurushi tegemezi visivyohitajika tena husafishwa kwa amri ya sudo apt autoremove.

Baada ya hayo yote, jambo moja hubaki. Katika faili la /var/log/apt/history.log huandikwa tarehe na saa, amri iliyotolewa, vifurushi vilivyosimikwa au kuondolewa, na mara nyingi jina la mtumiaji aliyeomba. Kwa maneno mengine, msimamizi huyu wa vifurushi ni karani mwaminifu. Ofisi inayotaka kujua nani alisimika nini, na lini, haihitaji kumwita mtu chemba na kumtisha. Inahitaji kulisoma daftari, na kuhakikisha nakala yake inatunzwa mahali ambapo mwenye kompyuta hawezi kuifuta.

Lipo jambo la tatu ambalo wanaopiga marufuku hawalijui. Nmap imo katika hazina kuu ya Debian, na ofisi inayotumia Debian au Ubuntu imekwisha kuwaamini watunza hazina hao kwa kila kitu kingine kilichomo ndani ya seva zake. Zaidi ya hayo, kupiga hodi hakuhitaji Nmap. Kompyuta ya Windows huja na amri ya Test-NetConnection. Kompyuta ya Linux inaweza kupiga hodi kwa mstari mmoja wa maandishi bila kusimika chochote. Anayedhani ameuzuia upelelezi wa mtandao kwa kuiondoa Nmap ni sawa na anayezuia watu kugonga mlango kwa kukusanya mawe yote ya mtaani, akasahau kwamba watu wana mikono.

Kijana aliyeambiwa afute

Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia, mzaliwa wa Saza kama mimi, alipangiwa mafunzo kwa vitendo katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Ofisa wa TEHAMA alimruhusu kwa mdomo aunganishe kompyuta mpakato yake kwenye mtandao wa ofisi na kuorodhesha vifaa vilivyomo, kwa kuwa orodha iliyokuwapo ilikuwa ya zamani. Kijana akasimika Nmap, akafanya kazi yake, akaandika ripoti ya kurasa mbili. Ripoti ilisema kwamba kompyuta kadhaa zenye matoleo ya Windows yasiyopata tena masahihisho zilikuwa na mlango wa 445 wazi, na kwamba kompyuta moja ya uhasibu ilikuwa na mlango wa 3389 unaofikika kutoka nje ya ofisi.

Nilipofika kumkagua, mkuu wa kitengo alinipokea kwa maneno haya: "Dokta, kijana wako ametuletea programu za wadukuzi ofisini." Nikamuuliza, "Mkuu, na ile kompyuta ya uhasibu imeshughulikiwa?" Akanijibu kwamba hilo ni suala la ndani, na kwamba kijana alikwisha kuamriwa kuifuta programu hiyo mbele yake. Ilifutwa. Ofisa aliyempa ruhusa alikaa kimya, kwa kuwa ruhusa ya mdomo haina shahidi. Kitabu cha mafunzo cha kijana kilicheleweshwa kutiwa saini kwa majuma mawili, na katika majuma hayo alitajiwa neno "polisi" zaidi ya mara moja. Mlango wa 3389 ulikuwa bado wazi siku niliyoondoka pale, na ripoti ya kurasa mbili haikuwa imejibiwa.

Msomaji apime mwenyewe. Programu iliyofutwa ilikuwa katika kompyuta binafsi ya mwanafunzi. Hatari ilikuwa katika kompyuta ya ofisi. Hatua ilichukuliwa pale ambapo hapakuwa na tatizo, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na mtu asiye na cheo.

Wageni hawasubiri ruhusa

Watetezi wa utaratibu huu huamini kwamba, asipokuwapo kijana wa kupiga hodi, hakuna atakayepiga. Hii ni ndoto. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani walitangaza programu ya ZMap, ambayo kwa kompyuta moja yenye muunganisho mzuri iliweza kupiga hodi kwenye mlango mmoja wa kila anwani ya umma ya intaneti ya kizazi cha nne, dunia nzima, kwa chini ya dakika 45. Tangu mwaka 2009 kuna Shodan, mtambo wa utafutaji unaopita mitandaoni na kuhifadhi orodha ya vifaa vilivyo wazi, nchi kwa nchi. Mtu aliye bara jingine anaweza kuuliza ni vifaa gani vya Tanzania vina mlango wa 3389 wazi, akapata jibu kabla chai yake haijapoa, na bila yeye mwenyewe kupiga hodi hata moja.

Wapo pia wasiotaka orodha tu. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai ilizunguka intaneti ikipiga hodi kwenye milango ya 23 na 2323, ikijaribu nywila za kiwandani ambazo wenye kamera na vifaa vya mtandao hawakuwahi kuzibadili, na ikavikusanya vifaa hivyo kuwa jeshi la kushambulia wengine. Tarehe 12 Mei 2017 WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150 kupitia mlango ule ule wa 445, miezi miwili baada ya Microsoft kutoa sahihisho. Huko Uingereza hospitali za umma ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Waliopona ni waliokwisha kuweka sahihisho au kuufunga mlango. Sijasikia hospitali hata moja iliyopona kwa sababu iliwakataza wafanyakazi wake kuwa na Nmap.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii ni ya zamani kuliko intaneti, lakini sijui sera ya usalama wa mtandao iliyo fupi na sahihi kuliko hiyo.

Anayeumia ni nani?

Pale Saza, katika ukanda wa dhahabu wa Lupa, mchimbaji mdogo hashuki kwenye duara kabla ya kukagua matimba. Huwasha tochi ya kichwani, hugonga mbao, husikiliza. Hakuna kiongozi wa machimbo anayemnyang'anya tochi kwa hoja kwamba wezi wa mawe nao hutumia tochi usiku. Akitokea kiongozi wa namna hiyo, watu wangemwondoa siku hiyo hiyo, maana wanajua nani atafukiwa.

Mchimbaji huyo huyo leo ana maisha ya pili ndani ya kompyuta za Serikali. Leseni yake imo humo. Ada zake hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali. Namba yake ya kitambulisho cha taifa, simu yake, taarifa za kliniki za mke wake na matokeo ya mitihani ya mwanawe viko katika ofisi mbalimbali, kila moja ikiwa na milango yake. Kule Tunduma, ambako kituo cha pamoja cha mpakani na Zambia kilizinduliwa rasmi Oktoba 2019, malori yanayoelekea Zambia na Kongo hupita kwa mawasiliano ya kompyuta. Dereva aliyekaa kwenye foleni hahitaji mhadhara wangu ili ajue uzito wa sentensi "mtandao unasumbua".

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Ni sheria nzuri. Lakini huwezi kumtaka mtu alinde nyumba, kisha ukamtia hofu kila anapotaka kuizunguka na kuhesabu milango yake.

Kifungu kisichosomwa

Sisi tunaojiita wanaharakati tumezoea kuijadili Sheria ya Makosa ya Mtandao kwa kifungu cha 16, kile cha taarifa za uongo. Tuna sababu. Lakini kifungu cha 10 hakisomwi. Kinakataza mtu kumiliki au kushughulika, kinyume cha sheria, na kifaa, ikiwamo programu ya kompyuta, kilichobuniwa au kurekebishwa kwa lengo la kutenda kosa. Kwa upande wa nywila na misimbo ya kuingilia, kifungu kinataja nia ya kutenda kosa. Kwa upande wa programu, mzigo umewekwa juu ya ubunifu wa chombo.

Hapa ndipo penye ufa. Nani ataamua kwamba Nmap "imebuniwa" kwa lengo gani? Mtunzi wake atasema aliibuni kwa ajili ya wasimamizi wa mitandao. Askari aliyeiona kwenye filamu ya The Matrix Reloaded ya mwaka 2003, ambamo inatumika kuingilia mtambo wa umeme, atasema imebuniwa kwa ajili ya wadukuzi. Maneno "kinyume cha sheria" yangeweza kumwokoa mwanafunzi mahakamani mbele ya hakimu mwelewa, lakini mwanafunzi hukutana kwanza na mkuu wa kitengo, kisha na kituo cha polisi, na hakimu huja mwisho kabisa. Nimekisoma kifungu hicho kama kilivyopitishwa na Bunge mwaka 2015 nikitafuta sentensi moja inayosema kwamba kufundisha, kupima kwa ruhusa na kulinda mfumo si kosa. Sikuiona.

Sentensi hiyo si ya ajabu. Mkataba wa Budapest kuhusu uhalifu wa mtandao wa mwaka 2001, katika ibara ya 6, unatamka kwamba ibara hiyo isitafsiriwe kumtia hatiani mtu asiye na lengo la kutenda kosa, na unatoa mfano wa upimaji ulioidhinishwa na ulinzi wa mfumo wa kompyuta. Jirani zetu wa Kenya, katika sheria yao ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao, waliandika kifungu cha 18 kuhusu vifaa haramu, kisha wakaongeza wazi kwamba mafunzo yaliyoidhinishwa, upimaji na ulinzi wa mfumo si kosa. Sheria hiyo ina kasoro zake, na chama cha wanablogu wa Kenya kiliipeleka mahakamani mwaka huo huo. Lakini katika jambo hili waliona mbali kuliko sisi, wakiwa na nakala ya sheria yetu yenye umri wa miaka mitatu ya kujifunzia.

Ujerumani ilipita njia yetu. Mwaka 2007 iliongeza kifungu cha 202c katika kanuni zake za adhabu, kikigusa programu zenye lengo la kuingilia data. Wataalamu waliingiwa na hofu, na baadhi waliziondoa programu zao mtandaoni. Mhadhiri mmoja wa chuo, mkuu wa kampuni ya usalama wa mtandao na mtumiaji wa Linux wakaenda Mahakama ya Katiba. Mwaka 2009 mahakama iliyakataa malalamiko yao, lakini kwa sababu yenye faida: ilisema kwamba programu zenye matumizi mawili, mema na mabaya, haziangukii chini ya kifungu hicho kwa kuwa tu zinaweza kutumiwa vibaya. Ilichukua miaka miwili ya hofu kupata ufafanuzi ambao mstari mmoja wa sheria ungeutoa siku ya kwanza.

Fikra ya kukihukumu chombo haikuishia kwenye kifungu cha 10. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. VPN hulinda mawasiliano ya benki, ya hospitali na ya mwandishi wa habari. Inaweza pia kuficha uovu. Badala ya kumtafuta mwovu, tuliwaita wote wenye pazia dirishani waje wajiandikishe. Asasi zinazopima kama tovuti fulani imezuiwa, kwa vyombo kama OONI Probe, nazo ziko kwenye kivuli hicho hicho. Leo ni kijana wa Nmap. Kesho ni mpimaji wa uhuru wa intaneti.

Hoja za upande wa pili

Nisiwapunje haki wanaonipinga. Hoja yao ya kwanza ni kwamba vijana wataitumia vibaya elimu hii. Wapo watakaofanya hivyo. Kupiga hodi kwenye kila mlango wa mtaa usio wako, usiku kucha, bila kuagizwa, si adabu, na sitamtetea mwanafunzi anayepima mtandao wa benki kwa sababu tu alikuwa na hamu ya kujua. Lakini kuingia bila ruhusa kumekwisha kukatazwa na kifungu cha 4, na kuingilia utendaji wa mfumo kumekatazwa na kifungu cha 9. Anayevunja aadhibiwe kwa kuvunja.

Hoja ya pili ni ya kiufundi, na ina uzito: upimaji mkali unaweza kuvuruga vifaa vya zamani, mathalani printa na mitambo ya viwandani. Ni kweli. Ndiyo maana upimaji hupangwa, huelezwa mapema, hufanywa polepole na nje ya saa za kazi. Hiyo ni sababu ya kuwa na utaratibu. Haiwezi kuwa sababu ya kubaki gizani.

Hoja ya tatu haisemwi hadharani, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote: ripoti ya milango iliyo wazi humwaibisha mkuu. Inaonesha kwamba fedha ya matengenezo haikufanya kazi iliyotarajiwa, au kwamba onyo la mwaka jana lilifungiwa kabatini. Kwa hoja hiyo sina jibu la kitaalamu. Nina la kimaadili tu: ofisi ya umma si mali ya anayeiongoza, na aibu yake ni nyepesi kuliko hasara ya mwananchi ambaye hakuulizwa.

Kuondoa kuna mahali pake

Sisemi kwamba Nmap ikae kila mahali milele. Seva ya kutolea huduma haipaswi kubeba chombo kisichohusika na kazi yake, kwa sababu mvamizi akifanikiwa kuingia atajikuta amewekewa vifaa mezani. Amri ya kuondoa ni sehemu ya usafi mwema. Ila usafi huo huja baada ya kazi, kama fundi anavyokusanya nyundo na misumari baada ya kuezeka, asizitupe nje kabla ya paa kukamilika.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, Bunge lirekebishe kifungu cha 10 kwa kuongeza sentensi moja: mafunzo, utafiti, upimaji ulioidhinishwa na ulinzi wa mfumo visiwe kosa, na mzigo wa kuthibitisha nia ovu ubaki kwa upande wa mashtaka.

Pili, vyuo viache kuwapeleka wanafunzi ofisini kwa ruhusa za mdomo. Iwepo barua ya ukurasa mmoja inayotaja anwani zitakazopimwa, siku na saa, aina ya upimaji, atakayepokea ripoti, na saini ya mwenye mamlaka. Kabla ya barua hiyo, mwanafunzi ajifunzie katika maabara iliyotengwa, au kwenye kompyuta yake mwenyewe kwa amri ya nmap 127.0.0.1. Waundaji wa Nmap wameweka pia anwani ya scanme.nmap.org, ambayo umma unaruhusiwa kuipima kwa kiasi.

Tatu, kila taasisi ya umma itangaze mahali pa kupeleka taarifa ya udhaifu. Tangu Aprili 2022 kuna kiwango cha kimataifa, RFC 9116, kinachoeleza faili dogo la security.txt linalowekwa kwenye tovuti likitaja anwani ya kuripotia. Gharama yake ni mistari michache ya maandishi. TZ-CERT iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na Mamlaka ya Serikali Mtandao, wanaweza kulifanya kuwa sharti kwa tovuti za umma, pamoja na ahadi ya maandishi kwamba anayeripoti kwa nia njema hatashtakiwa.

Nne, ofisi zifute tangazo la "ni marufuku" na kuweka utaratibu wa kumbukumbu: nani aliomba kusimika, kwa kazi gani, alipata nini, nini kilizibwa, upimaji wa pili ulionesha nini, na lini programu iliondolewa. Karani wa apt tayari anaandika nusu ya daftari hilo bila mshahara. Nusu iliyobaki ni wajibu wa binadamu.

Kwa wanafunzi wangu nina neno fupi: msipime mlango wa mtu bila barua yenye saini, hata mkuu akiwatabasamia. Kwa watumishi wa umma, hususan maofisa wa TEHAMA wanaojua ukweli na kukaa kimya: andikeni ruhusa mnazozitoa, na msimwache kijana abebe peke yake kazi mliyomtuma. Kwa wabunge wa Songwe na wa mikoa mingine yote: kifungu cha 10 kinawasubiri tangu mwaka 2015, na marekebisho yanayohitajika hayazidi mistari mitatu. Kabla hamjauliza ni nani amewasha tochi, ulizeni ameona nini.